Fallout, Deus Ex au KOTOR: ukiwa hujawahi kuzicheza, uanze na ipi?

Mtoto wa kakangu alipomaliza mtihani wa kidato cha nne, alinijia Kibokoni, hapa Mombasa, na laptopu ya mtumba aliyonunuliwa na mamake. Akaiweka juu ya baraza, akaniambia, "Ami, nimechoka na gemu za mpira na za kupigana risasi. Nataka zile unazotusimulia, zenye hadithi ndefu. Nianze na ipi?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi na vijana wa mtaani, na kila mara nimelijibu kwa neno moja tu, halafu kijana akarudi baada ya siku mbili akisema gemu imemshinda. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nikitaja gemu ninayoipenda mimi bila kumuuliza yeye ni mtu wa namna gani. Safari hii nimeamua kulieleza jambo hili kwa urefu, kwa yule kijana na kwa kila mtu aliyesikia habari za gemu kongwe za hadithi za kisayansi na hajui aingilie mlango upi.

Nimeziweka tatu mezani: Fallout ya mwaka 1997, Deus Ex ya mwaka 2000, na Star Wars: Knights of the Old Republic ya mwaka 2003, ambayo wachezaji huifupisha KOTOR. Zote ni RPG, maana yake mhusika ni wako: ujuzi wake unaupanga wewe, maneno yake unayachagua wewe, na matokeo ni juu yako. Nimezicheza tangu enzi za vioo vya kichogo, na nazirudia kila baada ya miaka michache. Kipimo changu kimekuwa kimoja siku zote: nikisema neno au nikifanya jambo, ule ulimwengu unanijibu?

Maji ya Fallout

Fallout inaanza na shida ya maji. Mwaka ni 2161. Watu wamejifungia ndani ya handaki namba 13 tangu vita vya nyuklia, na kile kifaa kinachosafisha maji yao kimeharibika. Wewe unatolewa nje ya mlango mzito wa chuma, unapewa siku 150 ukatafute kingine, na siku hizo zinahesabiwa kwelikweli unapokata jangwa la California.

Wako wanaokiona kisa hiki kuwa cha mbali. Sisi tunaishi kwenye mji ambao maji yake hutoka Mzima kule Tsavo na Baricho kule Kilifi, mfereji hukauka siku nyingi mfululizo, na mama hutega sikio asubuhi kusikia mkokoteni wa mitungi ukiingia kichochoroni. Kwa hiyo nilipofika kwenye ule mji wa wafanyabiashara uitwao the Hub, nikakuta wauza maji, nikagundua kwamba naweza kuwalipa wapeleke msafara nyumbani kwetu na nikaongezewa siku 100, niliinuka kitini. Hakuna aliyeniagiza nifanye hivyo. Nilifikiri kama mtu wa Mombasa angefikiri, na gemu ikanikubalia. Katika toleo la mwanzo msafara huo ulikuwa na gharama nyingine pia, kwa sababu uliwarahisishia maadui kulijua handaki lenu. Unanunua muda, na muda huohuo unauza siri.

Aliyeianzisha ni Tim Cain, akiwa kwenye kampuni ya Interplay, na mfumo wake wa kumjenga mhusika mpaka leo sijaona unaoupita kwa uwazi. Kuna sifa saba tu: nguvu, macho na masikio, uvumilivu wa mwili, mvuto, akili, wepesi na bahati. Kila sifa inapimwa kutoka 1 hadi 10, na nambari hizo zina meno. Ukimpa mhusika wako akili ya 3 au chini, hawezi kuzungumza sentensi kamili, na watu wanamjibu kama wanavyomjibu mtu asiyejiweza. Ukimpa wepesi mwingi, anapata hatua nyingi zaidi zamu yake ikifika vitani. Na yule adui mkuu wa mwisho anaweza kushindwa kwa hoja, pasipo kupigwa hata risasi moja, mradi umeukusanya ushahidi njiani na una ulimi wa kuueleza. Mara ya kwanza nilimshinda kwa bunduki. Mara ya pili kwa maneno, na nilibaki nimekaa gizani kwa muda mrefu nikiyawaza aliyoyajibu.

Sasa kasoro zake, na si ndogo. Vita ni vya zamu, na ukiingia mahali penye watu kumi utangoja kila mmoja wao asogee. Mkoba wako ni orodha moja ndefu ya kupandisha na kushusha. Wenzako unaofuatana nao huwezi kuwaamuru ipasavyo. Ian, anayejiunga nawe mapema kule Shady Sands, ukimpa bunduki ya kumimina risasi atakupiga wewe mgongoni. Ushauri wangu ni kumwachia bastola. Saa mbili za kwanza panya na nge wanaweza kukuua, na hakuna mshale wa kukuonyesha pa kwenda. Ukiua mtu wa maana, ndiyo basi, maji yamemwagika.

Fallout 2 ya mwaka 1998 ni kubwa zaidi, ina hata gari la kutengeneza na kuendesha, na wengi huiona bora. Mimi naona mwanzo wake unachosha na mizaha yake imezidi. Ya kwanza ni fupi, imekazwa, na haikupotezei wakati.

Deus Ex, kwa mtu aliyetoka kwenye gemu za risasi

Hapa unaona kwa macho ya mhusika, umeshika silaha, na kwa kitambo unadhani ni gemu ya vita kama nyinginezo. Sivyo. Iliundwa na Ion Storm chini ya Warren Spector. Mwaka ni 2052, na wewe ni JC Denton, askari mpya wa kikosi cha kupambana na magaidi, mwenye mwili uliotiwa mashine ndogo mno zinazompa uwezo usio wa kawaida. Unaanzia kwenye kisiwa cha ile sanamu maarufu ya New York, ambayo kichwa chake kimelipuliwa. Duniani kuna maradhi yanayoua, na dawa yake ipo, lakini anayeipata ni mwenye cheo au mwenye fedha.

Utamu wa Deus Ex uko kwenye milango. Kila mahali unapotakiwa kuingia pana njia kadhaa: kuvunja kufuli, kudukua kompyuta, kutambaa kwenye bomba la hewa, kupanda makasha yaliyopangwa nyuma ya jengo, au kumwaga risasi mlango wa mbele. Hakuna iliyoandikwa kuwa ndiyo njia sahihi. Baada ya kazi ya kwanza unarudi makao makuu, na wenzako wanazungumza kuhusu uliyoyafanya: ndugu yako Paul hapendi umwagaji damu, mwingine anaupenda. Hata ukiingia choo cha wanawake, mkubwa wako atakukanya ofisini. Nililelewa na bibi aliyejua kila nyumba tuliyoingia kabla hatujarudi, kwa hiyo nilikielewa kile kikosi mara moja.

Na kuna usiku mmoja hotelini New York, Paul amezingirwa, anakuambia utoke kwa dirisha. Wachezaji wengi hutoka. Mimi nilitoka, nikaja kujua baadaye kwamba angeweza kuokolewa na ningeweza kubaki. Gemu haikunipa chaguo lililoandikwa kwenye kioo. Chaguo lilikuwa miguu yangu imeelekea wapi. Kwa kipimo nilichokitaja mwanzo, hapo ndipo Deus Ex inapozipita nyingine zote mbili.

Lakini mtu aliyezoea gemu za kisasa za risasi ataudhika siku ya kwanza. Hapa kulenga ni ujuzi wa kulipiwa kwa pointi, na wenye ngazi nne. Ukiwa hujajifunza bunduki, alama ya kulenga inatanuka kama mlango wa banda, na risasi inakwenda kombo hata kama adui yuko hatua kumi mbele yako. Nyuso zimekakamaa. Sauti za wahusika wa Hong Kong zimeigizwa vibaya kiasi cha kuwavunjia watu wale heshima, na hilo silitetei.

KOTOR, na ile sayari ya bandari

KOTOR ya BioWare ndiyo rahisi kuingia kati ya zote. Huhitaji kuwa umeona filamu yoyote ya Star Wars, maana hadithi inatokea takriban miaka 4,000 kabla ya filamu hizo. Karibu kila mtu unayekutana naye ana sauti iliyorekodiwa, na maandishi yako chini. Vita vinaonekana kama vya moja kwa moja, ila kwa ndani kete zinatupwa, nawe unaweza kusimamisha kila kitu, ukafikiri, ukatoa amri kwa watu watatu, ukaendelea. Kwa mtu ambaye vidole vyake si vyepesi, hii ni rehema.

Mwanzo wake, kwenye sayari ya Taris, unakwenda polepole mno. Utachukua saa kadhaa kabla hujashika upanga wa nuru. Vumilia. Ukishapata chombo chako, Ebon Hawk, unachagua mwenyewe sayari ya kuanza nayo, na hapo ndipo inapofunguka.

Ninayoipenda mimi ni Manaan. Ni bahari tupu, na mji mmoja juu ya maji. Wenyeji wake wanauza dawa ya majeraha, ambayo haipatikani kwingine, kwa pande zote mbili za vita, na wana sheria kali ya kutofungamana na yeyote. Maadui wawili wanapita bega kwa bega sokoni wakitukanana kwa macho, na anayeanzisha ugomvi anashtakiwa mbele ya mahakimu. Mtu aliyekulia kando ya bandari anaijua hali hii. Hapa kwetu walipita Wareno, Waomani na Waingereza, na mwenye duka aliendelea kufungua duka asubuhi. Kesi unayoweza kuisimamia Manaan kama wakili, ya mtu anayetuhumiwa kwa mauaji, ni kati ya saa nzuri zaidi nilizowahi kukaa mbele ya gemu.

Udhaifu wa KOTOR ni kwamba wema na ubaya wake vimechorwa kwa makaa. Mara nyingi unaambiwa uchague kumsaidia mjane bure au kumnyang'anya alichobakiwa nacho. Nani anasumbuka kuamua hapo? Fallout inakupa watu wawili, kila mmoja ana haki yake na dhambi yake. KOTOR inakupa malaika na jambazi. Kinachoiokoa ni lile jambo kubwa la katikati ya hadithi, ambalo sitalisema, na ninakusihi usilitafute kwenye intaneti kabla hujalifikia.

Aliyelirekebisha kosa hilo ni mwendelezo wake, KOTOR II ya mwaka 2004, uliofanywa na Obsidian. Kwenye mwezi uitwao Nar Shaddaa maskini mmoja anakuomba fedha. Ukimpa, mwalimu wako Kreia anakuonyesha yule maskini akivamiwa na mwenzake kwa sababu ya fedha zako. Ukimnyima, anakuonyesha akimvamia mwingine kwa uchungu. Mimi na rafiki zangu tulibishana juu ya maskini huyo Ijumaa nzima baada ya swala. Mmoja alisema sadaka haitolewi kwa kuangalia itafika wapi, jukumu lako ni kutoa. Mwingine akasema Kreia ana haki, mtoaji lazima ajue anampa nani na mbele ya nani. Mimi nilikuwa na yule wa kwanza, na bado niko naye. Gemu iliyotufanya watu wazima tuache kahawa ipoe ni gemu ya kuheshimiwa. Ila ilitoka kwa haraka, mwisho wake ulikatwa, na ni mashabiki walioiongezea sehemu zilizoachwa. Cheza ya kwanza kwanza, kisha hii pamoja na nyongeza yao.

Mashine, stima na Kiingereza

Fallout na Deus Ex zinakubali laptopu ya aina yoyote utakayoipata kwa wauzaji wa mtumba, hata isiyo na kadi ya picha. KOTOR nayo si mzigo, ingawa kwenye Windows za siku hizi huweza kuganda baada ya vita, kwa hiyo hifadhi kila mara. Kama huna kompyuta kabisa, KOTOR zote mbili zipo kwenye simu, na kwenye kioo kipana kidogo zinachezeka vizuri. Nimemaliza sayari ya Dantooine yote kwenye foleni ya feri ya Likoni, safari baada ya safari.

Nunua halali. Kwenye duka la GOG gemu hizi hushushwa bei mara kwa mara, ukishapakua ni yako na haihitaji intaneti kuichezea, na unaweza kulipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay. Nilikaa miaka na nakala za kunakiliwa zenye sauti zilizokatwa. Sikuwa naijua gemu niliyokuwa naicheza.

Stima ikipotea ghafla, zote tatu zinakuruhusu kuhifadhi karibu wakati wowote, tofauti na gemu nyingi za Kijapani za zama zile. Fallout ina nafasi 10 za kuhifadhi. Tumia zaidi ya moja.

Kiingereza ndicho kizingiti halisi. Fallout ni ya kusoma: ni wahusika wachache wenye sura kubwa na sauti, waliobaki ni maandishi tu, tena ya ucheshi na mafumbo. Deus Ex ina sauti kila mahali, lakini imejaa magazeti, vitabu na barua pepe, na humo ndimo nambari za siri za milango zilimofichwa. KOTOR unaifuata hata kama unasoma taratibu. Mdogo wangu wa kike alijifunzia humo Kiingereza cha mabishano kuliko darasani.

Mbona sikuitaja Mass Effect?

Kwa sababu huu ndio ushauri unaotolewa na kila mtu, na mimi siukubali kwa anayeanza. Mass Effect ya mwaka 2007 ni nzuri, kamanda Shepard ni mtu wa kukumbukwa, na kule kuhamisha maamuzi yako kutoka gemu ya kwanza hadi ya tatu ni jambo kubwa. Lakini toleo lililokusanya zote tatu, la mwaka 2021, linataka nafasi ya takriban jiga 120 na mashine ya maana. Kwa bando zetu hiyo ni gharama ya kukaa chini na kupiga hesabu. Tena Mass Effect ikikuzoesha kuchagua jibu kwa duara la maneno mafupi, Fallout itakuonekea ngumu zaidi ukiirudia. Anza na kongwe, hiyo itakungoja.

System Shock 2 ya mwaka 1999 ni ya hofu. Uko peke yako ndani ya meli ya anga iitwayo Von Braun, silaha zinaharibika mikononi, na sauti ya SHODAN, kompyuta yenye akili na uovu, inakufuata. Usianze nayo. Chrono Trigger ya mwaka 1995, ya kusafiri kwenye nyakati kutoka zama za mijusi wakubwa hadi dunia iliyokufa ya mwaka 2300, ipo kwenye simu na inamfaa hata mtoto wa miaka kumi. Nayo naipendekeza bila sharti lolote.

Kwa hiyo?

Kama hujawahi kugusa RPG hata moja, au una simu tu: KOTOR. Kama umetoka kwenye gemu za risasi na unataka mikono iwe na kazi: Deus Ex. Kama wewe ni msomaji, mtu wa kukaa na kitabu mpaka taa izimwe: Fallout, wala usipitie kwingine. Ningeambiwa nibaki na moja kati ya tatu, ningebaki na Fallout.

Kijana wangu nilimpa Deus Ex. Usiku wa kwanza aliingia kwenye kile kisiwa kwa mlango wa mbele, akauawa mpaka akafunga laptopu. Usiku wa tatu akanipigia simu saa tano, ananong'ona ili asimwamshe mamake. "Ami, nimepanda kwa nyuma, kwenye makasha. Hawajaniona hata mmoja." Kisha akanyamaza kidogo. "Lakini ami, hii dawa kwani wanapewa wakubwa peke yao?" Nikamwambia aendelee, atakutana na wa kumuuliza. Fallout nimeshamwekea kwenye flashi, ataichukua Ijumaa.